Shajara ya mradi: kuandaa biashara ndogo za Nairobi kwa Sheria ya Ulinzi wa Data

24 Januari 2022

Kanuni za sheria hiyo zimetoka. Mwezi huu zimechapishwa tatu kwa mpigo: kanuni za jumla, za usajili, na za kushughulikia malalamiko. Zile za usajili zinaanza kutumika tarehe 14 Julai, kwa hivyo muda tulio nao haufiki miezi sita. Sheria yenyewe si ya jana. Ilitiwa saini Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Lakini katika mitaa tunayofanyia kazi, wenye biashara waliiona kuwa ya benki na kampuni za simu. Sasa simu zetu hazipoi, na kila anayepiga anauliza neno moja: cheti cha usajili kinapatikana wapi, na ni pesa ngapi?

Kwenye timu tumekubaliana cheti kije mwisho. Tupo mimi, wakili mmoja, fundi wa kompyuta na karani aliyezaliwa Kayole. Biashara zilizokubali kuanza nasi ni saiba (duka la intaneti na fotokopi) ya River Road, ajenti wa nyumba wa Kayole, kliniki ndogo ya Umoja yenye duka la dawa, shule ya kibinafsi ya Buruburu, duka la nguo la Eastleigh, saluni, na mkopeshaji mdogo anayetumia programu ya simu. Nyingine zitakazojiunga tutazipokea njiani.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutodaiwa wala kuanikwa habari za familia yake na mambo yake ya binafsi bila sababu. Hapo ndipo nataka tuanzie. Mwenye duka akielewa kwamba namba ya kitambulisho aliyoiandika kwenye daftari bado ni mali ya yule mteja, mengine yote yatakuwa rahisi kumweleza.

10 Februari 2022

Tumeanza na ramani ya data. Ni karatasi moja yenye maswali sita: unachukua nini, kwa nani, kwa sababu gani, unakiweka wapi, nani anakiona, na unakitupa lini. Swali la mwisho ndilo linalowanyamazisha watu. Hakuna anayetupa. Kila kitu kinawekwa "huenda kikahitajika".

Mwenye saiba alituambia yeye hana data ya mtu yeyote, kazi yake ni kuuza huduma. Tukamwomba atufungulie kompyuta ya kwanza pale mlangoni. Kwenye folda ya mafaili yaliyopakuliwa tulikuta vyeti vya PIN vya KRA (mamlaka ya kodi), vitambulisho vilivyoskaniwa mbele na nyuma, barua za kuomba kazi, matokeo ya mtihani wa sekondari (KCSE), hata hati ya kiapo ya mtu aliyepoteza shahada yake. Yeyote anayelipia dakika chache za intaneti angeweza kuvifungua vyote. Chini ya mashine ya fotokopi palikuwa na rundo la kopi zilizoharibika, nyingine nyeusi nusu, nyingine uso wa mtu umekatwa kwenye paji. Tukauliza zinaenda wapi. Akasema Ijumaa huja mama anayeuza mandazi na njugu pale chini, anazichukua za kufungia.

Hatukusema kitu. Mwenyewe aliinama, akavuta lile rundo, akaanza kulipekua karatasi moja moja. Namba ya kitambulisho, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, sahihi. Kwa anayetaka kukopa kwa jina la mtu mwingine, hapo amepata karibu kila anachohitaji, na kimefungiwa mandazi.

Kufikia jioni fundi wetu alikuwa ameweka programu ya kusafisha kila kompyuta mteja anapoondoka. Mwenye saiba amenunua mashine ndogo ya kukatakata karatasi. Na kwa kuwa asingependa yule mama apate hasara kwa jambo lisilo kosa lake, amemnunulia mifuko ya kaki. Hilo halikuwa kwenye mpango wetu, na nimelipenda sana.

18 Februari 2022

Ajenti wa nyumba. Fomu yake ya mpangaji ni kurasa mbili. Inaomba jina, simu, kitambulisho, mahali pa kazi na mshahara. Inaomba jina la mke au mume, majina ya watoto wote na shule wanazosoma. Inaomba kaunti ya nyumbani, lokesheni na jina la chifu. Na katikati ya ukurasa wa pili kuna kisanduku cha kabila.

Nilimuuliza, "Mzee, hiki cha kabila unakitumia wapi?" Alifikiri, akasema fomu aliirithi kwa ajenti aliyemtangulia, na yeye hajawahi kukisoma. Namwamini. Lakini sheria yetu inaweka asili ya kabila la mtu, hali ya ndoa, majina ya watoto, wazazi na wenzi, hata taarifa za mali yake, kwenye kundi la data nyeti. Hicho ni kiwango kikali kuliko watu wanavyodhani. Fomu ya kukodisha chumba kimoja Kayole inabeba data nyeti kuliko kadi ya saluni, na inakaa kwenye kabati lisilo na kufuli pamoja na stakabadhi za maji. Kwa mtu anayekumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, katika mitaa hii, orodha inayoonyesha nani wa kabila gani anaishi mlango gani si karatasi ya kuachwa ovyo. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo. Alikuwepo wakati ule. Alichukua kalamu akakifuta kisanduku kabla hatujafika kwenye sehemu nyingine.

Fomu mpya ina nusu ukurasa: jina, simu, kitambulisho, mtu wa kupigiwa simu dharura ikitokea, idadi ya watakaoishi humo. Fomu za wapangaji waliohama zamani tumezitenga. Wakili anapitia zile ambazo bado zina deni au kesi, na rekodi za kodi ambazo KRA inataka zihifadhiwe miaka 5. Nyingine zote, pamoja na fomu za zamani za wapangaji waliopo, zitaharibiwa mbele ya ajenti mwenyewe.

2 Machi 2022

Daftari la langoni. Jengo la ofisi na maduka, jirani ya saiba, limeomba tulisaidie, na nimelikubali kwa sababu jambo hili lina mizizi katika jiji zima.

Kitabu kiko juu ya meza ya plastiki, kalamu imefungwa kwa uzi. Safu zake: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, simu, unakoenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Unapoandika lako, unasoma ya walio juu yako. Karani alisimama pale asubuhi akaona watu wakipiga picha ukurasa, na hakuna aliyewauliza kitu. Katika jengo hilo kuna wakili wa talaka, kliniki ya wanawake na ofisi ya ushauri nasaha. Safu ya "unakoenda" inatangaza siri ya mtu kwa kila anayekuja nyuma yake.

Askari wa lango si wa kulaumiwa. Sheria ya kampuni binafsi za ulinzi ya 2016 inamruhusu kumwomba mgeni ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka, hata kushika kitambulisho kwa muda. Sheria hiyohiyo inakataza taarifa hizo kutumiwa kwa jambo jingine lolote. Kwa hivyo hatukulifuta daftari. Tumeweka vipande vya karatasi. Kila mgeni anajaza chake na kukitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Namba ya simu tumeiondoa, maana hakuna aliyeweza kutuambia ilitumika kwa nini. Vipande vinakaa siku 30 kisha vinakatwa.

Askari wa zamu ya mchana, mama wa makamo, alituuliza kitu kizuri: je, mgeni akikataa kutoa kitambulisho, yeye afanye nini? Hilo tumelijibu kwa maandishi, likabandikwa upande wake wa meza, ili asiachwe peke yake akibishana na watu langoni.

9 Machi 2022

Kuna watu wanazunguka mjini wakiuza fomu za ridhaa zilizokwisha chapishwa. "Mteja asaini hapa, umemaliza." Nimeziona kwenye saluni na kwenye kliniki yetu. Kwa maoni yangu zinadhuru.

Kifungu cha 30 cha sheria kinataja misingi kadhaa ya kutumia data ya mtu. Ridhaa ni mmoja tu. Kuna mkataba, kuna wajibu wa kisheria, kuna kuokoa maisha, kuna masilahi halali ya biashara yasiyomdhulumu mwenye data. Mwajiri hahitaji ridhaa ili apeleke makato ya mfanyakazi NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Sheria inamtaka ayapeleke. Ukimsainisha ridhaa umemdanganya, kwa sababu ridhaa ya kweli mtu anaweza kuiondoa wakati wowote, na hii hawezi. Zaidi ya hapo, jukumu la kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni la biashara. Fomu iliyosainiwa na mgonjwa mwenye homa, kwenye dirisha la mapokezi, huku nyuma kuna foleni, sijui utaitetea vipi.

Kila biashara itatengeneza jedwali: kila aina ya data na msingi wake. Ridhaa tutaibakiza pale mtu anapoweza kusema hapana na bado akahudumiwa.

Kliniki ina jambo jingine ambalo halimo kwenye kompyuta wala kwenye faili. Muuguzi anafungua dirisha la maabara na kuita, "Wa kipimo cha mimba!" Benchi zima linageuka. Tulimweleza Daktari, naye alikuwa amelizoea hata halisikii tena. Tangu jana wagonjwa wanaitwa kwa namba.

24 Machi 2022

Benki Kuu imechapisha kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Mkopeshaji wetu amekuja na gazeti mkononi. Kumpigia mdaiwa simu na kumtusi, au kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yake ili kumwaibisha, sasa kumekatazwa waziwazi. Programu yake ilikuwa ikiomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu ya mkopaji. Fundi ameiondoa ruhusa hiyo leo. Wale waliokuwa kwenye simu za wakopaji, mashangazi, waajiri, mapasta, hawakuwahi kukopa wala kukubali chochote, na namba zao zilikuwa zimelala kwenye seva yake. Zimefutwa, na nakala ya akiba pia.

13 Aprili 2022

Shule. Tumekaa nayo karibu mwezi mzima, na nadhani hapa ndipo mradi umefanya kazi yake kubwa zaidi.

Kampuni moja iliwauzia wazo la mashine za alama za vidole langoni. Mtoto anaweka kidole, mzazi anapata ujumbe kwamba amefika. Wazazi wengi walilipenda, na ninaelewa kwa nini. Mzazi anayefanya kazi Industrial Area, mwenye mtoto anayepanda matatu peke yake, ana haki ya kutaka kujua. Mwalimu Mkuu alikuwa tayari ametenga pesa.

Tuliketi naye pamoja na kamati ya wazazi. Wakili aliwaeleza kwamba alama ya kidole ni data ya kibayometriki, iko kwenye kundi la data nyeti, na ya mtoto haiguswi bila ridhaa ya mzazi au mlezi na bila kuangalia faida ya mtoto mwenyewe. Kwa shughuli yenye hatari kubwa kama hii, lazima ifanyike tathmini ya athari, na ripoti yake ifike kwa Kamishna siku 60 kabla ya kuanza. Mjumbe mmoja akasema hayo ni ya serikali, si ya shule ndogo. Wakili akamkumbusha Huduma Namba, kadi ya utambulisho ya serikali. Oktoba mwaka jana Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi zile zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa kwanza. Kama serikali yenyewe iliambiwa irudi nyuma, shule ya Buruburu itapitia wapi?

Kisha tukauliza maswali ya kawaida. Alama zinahifadhiwa wapi? Kampuni ikafungwa zinaenda kwa nani? Mtoto akihama shule zinafutwa na nani, na mzazi atajuaje? Muuzaji alikuwa kwenye simu na hakuwa na jibu la hata moja. Mzazi mmoja, fundi wa magari, akasimama na kusema, "Mwalimu, mtoto wangu akipoteza kadi atapewa nyingine. Kidole atapewa na nani?"

Kamati imechagua kadi. Ina namba tu. Jina halimo, picha haimo. Mzazi anapata ujumbe uleule aliokuwa anautaka. Na imegharimu kidogo kuliko mashine.

5 Mei 2022

Duka la nguo Eastleigh na saluni: ujumbe wa matangazo. Wote wawili walikuwa wakitoa namba kwenye jumbe za M-Pesa za wateja waliolipa, kisha wanawatumia matangazo. Mteja alitoa pesa alipe shuka, hakutoa namba atumiwe ofa usiku. Sasa kuna daftari dogo la wanaotaka kuarifiwa, na kila ujumbe una njia ya kujiondoa bila malipo. Dada wa saluni aliogopa atabaki na wateja wachache. Wamejiandikisha wengi kuliko alivyodhani, na hao wanajibu.

30 Mei 2022

Tumepata ajali ya kwanza. Simu ya mapokezi ya kliniki imenyakuliwa Ijumaa jioni dirishani mwa matatu, kwenye msongamano wa Jogoo Road. Binti wa mapokezi alikuwa akienda nayo nyumbani, kama kila siku, ili ajibu wagonjwa usiku. Ndani ya WhatsApp kulikuwa na picha za majibu ya maabara za miezi mingi, zenye majina.

Sheria inasema data ikiangukia mikononi mwa asiyehusika na kukawa na hatari ya kweli kwa wenye data, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue. Daktari alitupigia saa mbili usiku. Cha kwanza alichouliza ni kama lazima aseme. Simlaumu. Kliniki ya mtaani inaishi kwa kuaminiwa, na mtaa una midomo.

Usiku ule fundi alifunga laini na kuiondoa akaunti kwenye ile simu. Jumamosi tuliketi na binti tukaandika kumbukumbu: saa ngapi, wapi, nini kilikuwemo, simu ilikuwa na nenosiri la aina gani, nani mwingine aliyekuwa na picha zile. Tulimwambia mwanzoni kabisa kwamba hatafutwa kazi, na Daktari alirudia hilo mbele yetu. Mtu anayeogopa kibarua chake hawezi kukueleza yote, na saa 72 zinapita. Taarifa imetumwa leo Jumatatu asubuhi, ndani ya muda.

Wagonjwa waliohusika wanapigiwa simu mmoja mmoja na Daktari mwenyewe, na kila mmoja anapata barua fupi kwa Kiswahili: simu imeibwa lini, majibu yako yalikuwemo, tumefanya hili na hili, ukipata ujumbe wa mtu anayekutisha au kukuomba pesa tuarifu hapa. Hatukuandika "huenda baadhi ya taarifa". Wengine wamekasirika, na wana haki. Mmoja alilia, kwa sababu nyumbani kwake hawajui hali yake. Daktari amemwekea miadi na mshauri nasaha bila malipo.

Simu sasa haitoki kliniki. Majibu hayatumwi kwa picha; mgonjwa anaambiwa yako tayari, aje ayachukue au apigiwe na Daktari.

16 Juni 2022

Mikataba na wanaochakata data kwa niaba ya wengine: mhasibu wa mishahara, kampuni ya jumbe, fundi wa kamera. Kila mmoja amesaini kwamba hataitumia data kwa kazi nyingine, na kwamba likitokea la kutokea ataarifu ndani ya saa 48. Mmoja alikataa kusaini. Ameachwa.

14 Julai 2022

Usajili umefunguliwa leo, na ujazaji umekwenda haraka kwa sababu majibu tulikuwa nayo. Fomu ya mtandaoni inauliza unashika data gani, ya nani, kwa kusudi gani, unampa nani, inavuka mpaka au haivuki, na unailinda vipi. Ni yale maswali sita ya Februari. Biashara ndogo zenye wafanyakazi hadi 50 na mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka zinalipa shilingi 4,000. Za kati ni 16,000, kubwa 40,000. Cheti kinadumu miezi 24.

Mkanganyiko ni kwa wasiohitaji kujisajili. Mwenye mauzo yasiyofika milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 amesamehewa, isipokuwa kama yuko kwenye kazi zilizotajwa: afya, elimu, huduma za fedha, usimamizi wa nyumba na ardhi, usafiri, hoteli, kamari, biashara ambazo kazi yake kuu ni matangazo ya moja kwa moja, na nyinginezo. Kwa hivyo kliniki, shule, ajenti na mkopeshaji wamejisajili, wadogo walivyo. Dada wa saluni alifurahi kusikia kwamba, kwa upande wa ukubwa, hamo. Na kwa kuwa matangazo ya simu si kazi yake kuu, hayamrudishi kwenye orodha. Saiba pia imesamehewa. Nimerudia kwa mwenye saiba mara nyingi, na naandika hapa tena: kusamehewa usajili hakumwondoi mtu chini ya sheria. Mteja wake bado anaweza kulalamika, na faini bado inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo.

22 Agosti 2022

Uchaguzi umepita. Kabla ya tarehe 9 kila mmoja wetu alipata jumbe za wagombea zenye jina lake kamili na wadi yake. Mwaka jana, mwezi Juni, Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa kwenye vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvijua, na watu walishuku madaftari ya mawakala wa pesa na ya malangoni. Sasa wanauliza kwa sauti: namba yangu mmeitoa wapi?

Mpangaji mmoja wa Kayole amemwandikia ajenti akitaka kujua kila kitu alichonacho juu yake, na kama amewahi kumpa mwanasiasa. Zamani barua hiyo ingeishia kwenye kikapu. Muda wa kujibu ni siku 7, bila malipo. Ajenti amejibu siku ya tatu: nusu ukurasa wa fomu, stakabadhi za kodi, na maelezo kwamba hakumpa yeyote. Aliweza kwa sababu hana kitu kingine. Mpangaji alikuja ofisini kushukuru, kisha akaomba fomu yake ya zamani iharibiwe. Ilikuwa imekwisha kukatwa mwezi Machi, na tarehe iko kwenye kumbukumbu.

28 Septemba 2023

Shajara ilikuwa imelala. Wiki hii imeamshwa na habari za faini: Ofisi ya Kamishna imetoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja iliyowekwa mtandaoni, na mkopeshaji wa kidijitali 2,975,000 kwa jumbe na simu za vitisho.

Mwalimu Mkuu wa Buruburu alinipigia kabla sijamaliza kusoma. Mashine ya vidole tuliizuia, lakini picha? Ukurasa wa shule kwenye Facebook una miaka mingi ya siku za michezo, maonyesho ya muziki, kuhitimu kwa chekechea. Ridhaa iliyopo ni mstari mmoja kwenye fomu ya kujiunga: "mzazi anakubali masharti yote ya shule". Hiyo haisimami.

Tumeondoa picha zote zinazoonyesha sura, leo hii, kabla ya kujadili chochote. Mzazi atapata karatasi yenye maswali mawili tofauti: picha ya mtoto kwenye ubao wa matangazo ndani ya shule, ndiyo au hapana, picha ya mtoto mtandaoni, ndiyo au hapana. Akisema hapana, mtoto bado ataimba kwenye kwaya na hatasimamishwa pembeni siku ya picha. Hilo la mwisho liliongezwa na walimu wenyewe, na wamekubaliana jinsi ya kulifanya: mpiga picha atapewa orodha na atapiga kutoka upande ule ambao nyuso zao hazionekani.

19 Juni 2024

Vyeti vya kwanza vinakaribia kuisha, kuhuisha ni shilingi 2,000 kwa biashara ndogo. Kabla ya kulipa, kila mmoja anajaza ramani upya. Ajenti ameongeza majengo na sasa ana kamera kwenye ngazi. Video zinakaa wiki kadhaa na hakuna aliyejua ni nani anaweza kuziangalia. Kliniki imeanza kuweka rekodi kwenye seva ya kampuni ya nje, na wakili anasoma mkataba wake leo. Duka la Eastleigh lina kikundi cha WhatsApp cha wateja ambapo kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Karani anakwenda kesho asubuhi kuwasaidia kukihamishia kwenye orodha ya matangazo. Jengo la River Road limebadilisha kampuni ya ulinzi na daftari lenye uzi limerudi langoni. Nina miadi na meneja wao mpya Ijumaa saa nne, na vipande vya karatasi vimekwisha chapishwa.